Maji Yasiyochorwa: Kuusoma Mchoro wa Utando wa Seli

Mchoro ninaotaka kuusoma hapa ulichapishwa katika jarida la Science tarehe 18 Februari 1972, na hadi leo wanafunzi wa kidato cha tano wanaunakili kwenye madaftari yao, wengi bila kujua umetoka wapi. Wenye mchoro ni S. Jonathan Singer wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na Garth Nicolson wa Taasisi ya Salk, jirani yake pale La Jolla. Makala yao ina kurasa kumi na mbili za hoja nzito, lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni picha. Makala wameisoma wachache. Picha anaijua kila aliyewahi kukaa kwenye darasa la biolojia.

Yenyewe haina makuu. Ni bapa nene lililokatwa upande wa mbele, nasi tunalitazama kwa mshazari kutoka juu kidogo. Uso wake umejaa viduara vidogo vilivyobanana. Pale penye mkato tunaona kwamba kila kiduara kina mikia miwili inayopindapinda kuelekea ndani, na kwamba chini yake kuna safu ya pili iliyopinduliwa: mikia inakutana katikati, vichwa vinabaki nje, juu na chini. Viduara hivyo na mikia yake ndizo fosfolipidi. Kisha, hapa na pale, bila mpangilio wowote, yamezama mabonge makubwa yenye madoadoa, mfano wa viazi kwenye mchuzi mzito. Mengine yametokeza pande zote mbili, mengine yamezama nusu tu. Hayo ni protini. Kulizunguka bapa, juu, chini na mbele, ni karatasi nyeupe.

Hoja yangu ni kwamba mhusika mkuu wa mchoro huu ni ule weupe. Kwenye seli halisi mahali hapo pana maji, na maji hayo ndiyo yaliyoupa utando umbo lake na ndiyo yanayolishikilia umbo hilo kila nukta. Singer na Nicolson walilijua hilo vizuri. Kabla hawajaueleza utando wao, maandishi yao yanapima gharama za nishati: sehemu zipi za molekuli zinakubaliana na maji, zipi zinayakimbia. Mchoro ukayaacha maji nje, na kwa kuyaacha umetuzoesha kuuona utando kama kitu kilichojengwa, wakati ni kitu kinacholazimishwa.

Tuanze na pembe ya kutazamia, maana hapo ndipo mchoro unapojibizana na waliotangulia. James Danielli na Hugh Davson, mwaka 1935, waliuchora utando kwa ubavu: safu mbili za mafuta katikati, na protini zimetandazwa nje pande zote mbili. Mwaka 1959 J. David Robertson alitazama kwa hadubini ya elektroni akaona mistari mitatu, mweusi, mweupe, mweusi, upana wake wote nanomita 7.5 hivi, akasema utando wa kila seli umejengwa kwa mtindo huohuo. Picha zote hizo ni za ubavuni. Ukiutazama utando kwa ubavu tu, utaona tabaka, na ukishaona tabaka utafikiri kwa tabaka: hili liko juu ya lile. Singer na Nicolson walimwinua mtazamaji wakamsimamisha juu ya utando, na ghafla swali likabadilika. Badala ya kuuliza protini ziko tabaka gani, sasa unauliza zimetawanyikaje. Neno “mozaiki” katika jina la nadharia yao, “mozaiki majimaji”, lisingekuwa na maana yoyote katika picha ya ubavuni.

Hata hivyo mkato wa mbele haukuachwa, kwa sababu bila huo wasingeweza kumjibu Danielli. Walichosema ni hiki: ukizitandaza protini juu ya vichwa vya lipidi, umefanya makosa mawili kwa mpigo. Umevifunika vichwa vinavyotaka maji visiyapate, na umezilazimisha sehemu za protini zisizopenda maji zikae majini. Hesabu ya nishati inagoma. Lakini ukiizamisha protini, sehemu zake za mafuta zikae kwenye mafuta na zile zenye chaji zichungulie nje, kila upande umeridhika. Kwa hiyo yale mabonge yaliyozama nusu ni hukumu iliyotolewa baada ya hesabu. Hakimu mwenyewe, yaani maji, hayupo kwenye picha.

Kuna mahali maandishi na mchoro vinapingana waziwazi. Makala inasema kwamba katika tando zinazofanya kazi na zilizochunguzwa vizuri, uzito wa protini ni kati ya mara 1.5 na mara 4 ya uzito wa lipidi. Protini ndizo nyingi! Rudi sasa kwenye picha: bahari ya viduara, na mabonge machache yanayoelea kwa nafasi. Mtu aliyeiona picha bila kusoma makala, ambaye ndiye karibu kila mtu, anaondoka akiamini kwamba utando ni mafuta yenye protini za kuhesabika. Sidhani kwamba waandishi walikusudia kudanganya. Walitaka msomaji aone kwamba lipidi ni uwanja na protini ni wachezaji, na uwanja haukuonekana hadi wachezaji walipopunguzwa. Lakini deni hilo limelipwa kwa miaka mingi. Mwaka 2005 Donald Engelman wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika katika Nature kwamba utando ni mozaiki zaidi kuliko ulivyo majimaji: umesongamana, unene wake haufanani kila mahali, na nafasi tupu tunazozichora hazipo.

Kwangu mimi sehemu tajiri zaidi ya mchoro ni mikia. Kila kiduara kina miwili, na mchoraji hakuipunguza hata mahali ilipomlazimu kuibananisha. Ingekuwa rahisi kuchora mmoja mmoja. Mistari ingepungua nusu. Lakini ule wa pili ndio unaoamua kila kitu. Molekuli yenye kichwa kimoja na mkia mmoja, kama ya sabuni, ina umbo la pia: pana juu, nyembamba chini. Zikijikusanya majini zinajiviringisha kuwa vijidonge, mikia imefichwa ndani. Ukiongeza mkia wa pili, upana wa chini unalingana na wa juu, na molekuli zenye umbo hilo hazina njia ya kujiviringisha namna hiyo. Zitapangana bega kwa bega kuwa bapa, na bapa moja litaegemeana na la pili ili mikia isiguswe na maji. Tofauti kati ya povu la kufulia na kuta laini za seli zetu imekaa kwenye ule mstari mmoja wa ziada.

Kwa nini mikia ikimbie maji? Jibu la haraka, kwamba mafuta na maji hayapatani, linaficha jambo zuri. Mafuta hayachukii maji. Molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo vya hidrojeni, zikishikana na kuachana mabilioni ya mara katika nukta moja. Mkia wa mafuta ukiingia katikati hauna pa kushikiwa, kwa hiyo molekuli za maji zinazouzunguka zinalazimika kujipanga kwa namna chache tu ili zisipoteze vifungo vyao. Zinapoteza uhuru. Mikia ikisukumwa pamoja, eneo linalogusana na maji linapungua na uhuru unarudi. Utando basi ni matokeo ya maji kutetea uhuru wake. Hakuna jeni inayoagiza lipidi zipangwe safu mbili. Zipo jeni za kutengeneza lipidi, basi. Kupanga ni kazi ya maji. Alec Bangham aliliona hilo kwa macho pale Babraham, karibu na Cambridge, na mwaka 1964 yeye na R. W. Horne walichapisha picha za hadubini ya elektroni: fosfolipidi zilizotiwa majini zilikuwa zimejifunga zenyewe kuwa vifuko, utando juu ya utando, bila seli yoyote kuhusika.

Hapa nataka kuurudia ule uso uliokatwa, maana ndio mahali mchoro unapojikanusha. Mbele ya bapa tunaona mikia ikiwa wazi, safu baada ya safu, imeelekezwa kwetu. Ndani ya maji hali hiyo haidumu. Ukingo wa namna hiyo ukitokea, maji yanaukunja mara moja: mikia inajificha, vichwa vinazunguka, tundu linazibika. Ndiyo sababu mafundi wa maabara wanaweza kulitoboa yai la chura kwa sindano ya kioo, wakaingiza wanachotaka, wakaichomoa, na yai likabaki zima. Ndiyo sababu pia vifuko vya Bangham vilikuwa vifuko: bapa lenye kingo haliridhishi maji, lazima lijifunge. Kwa hiyo sehemu ya mchoro inayotufundisha zaidi ndiyo sehemu pekee isiyoweza kuwepo, na imewezekana kuchorwa kwa sababu tu maji yalikuwa yameshaondolewa kwenye karatasi. Nauona huu kuwa uamuzi bora wa kisanaa katika mchoro mzima, na pia chanzo cha kutoelewa kwetu.

Majaribio yenyewe hayakuwahi kuyasahau maji. Wazo la safu mbili lilitoka Leiden, Uholanzi, mwaka 1925, wakati Evert Gorter na François Grendel walipochukua chembe nyekundu za damu za binadamu na za wanyama kadhaa, wakatoa mafuta yake kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji yawe tabaka moja, wakapima eneo. Lilikuwa mara mbili ya eneo la nje la chembe zenyewe. Baadaye ikajulikana kwamba asetoni haikutoa mafuta yote, na kwamba chembe walizozipima zilikuwa zimekauka zikasinyaa. Makosa mawili yalifutana na jibu likatoka sahihi. Wengine huisimulia habari hii kama bahati. Mimi navutiwa zaidi na kipimo chao: rula iliyotumika ilikuwa uso wa maji.

Neno la pili katika jina la nadharia, lile la umajimaji, lina shida nyingine. Mchoro umetulia, utawezaje kuonyesha kwamba kila kitu ndani yake kinakimbia? Ushahidi wa mwendo ulikuwa wa karibuni. Mwaka 1970 L. D. Frye na Michael Edidin, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu kwa kutumia virusi vya Sendai, kisha wakazitia alama protini za juu kwa kingamwili zinazong'aa, za panya kijani, za binadamu nyekundu. Mwanzoni nusu moja ya seli iliyounganishwa ilikuwa kijani, nusu nyekundu. Baada ya dakika 40 kwenye nyuzi 37 za Selsiasi rangi zilikuwa zimechanganyika kabisa. Kwenye nyuzi 15 mchanganyiko ulikuwa haba mno. Baridi iliyagandisha mafuta, protini zikakwama. Katika mchoro wa 1972 jambo hili zima limewekewa dalili moja tu, nayo ni mikia kupinda. Mstari ulionyooka ungesema mafuta yameganda. Uliopinda unasema bado moto upo.

Kasi hiyo ina upande mmoja tu. Fosfolipidi moja inaweza kusafiri urefu wa bakteria mzima kwa muda wa nukta moja au mbili, mradi ibaki kwenye safu yake. Kuruka kutoka safu ya juu kwenda ya chini ni habari nyingine: kichwa kinachopenda maji kipite katikati ya mafuta, na bila msaada wa protini maalumu hilo huchukua saa nyingi au siku. Matokeo yake ni kwamba pande mbili za utando hazifanani na zinaweza kubaki hivyo. Fosfatidilserini, kwa mfano, seli hai huiweka safu ya ndani. Ikijitokeza nje, seli mlaji huisoma kama tangazo la kifo na kuimeza seli yenye alama hiyo. Mchoro hapa hauna la kusema. Viduara vya juu ni vilevile vya chini. Ukiipindua karatasi juu chini, hutajua umefanya kitu. Mark Bretscher alikuwa akiandika juu ya tofauti ya safu hizo mwaka huohuo wa 1972, kwa hiyo siwalaumu wachoraji. Ninachoshangaa ni vitabu vya shule vilivyochapishwa miongo mitano baadaye na bado vinachora pacha.

Marekebisho mengine niyataje upesi. Kai Simons na Elina Ikonen, mwaka 1997, walileta hoja ya visiwa vya kolesteroli na sfingolipidi vinavyoelea vikiwa vimebeba protini zao. Akihiro Kusumi na wenzake walifuatilia molekuli mojamoja wakaona zinarukaruka kutoka ua hadi ua, zimezuiwa na wavu ulio chini ya utando. Nicolson mwenyewe alirudi mwaka 2014 akauongezea mchoro wake msongamano, wavu wa ndani na vitu vya nje ya seli. Angalia lakini: kila aliyesahihisha aliongeza kitu kwenye bapa. Weupe haukuguswa. Hata katika uigaji wa kompyuta, ambako kila molekuli ya maji imehesabiwa na mara nyingi atomi za maji ni nyingi kuliko zote, picha ikitengenezwa kwa ajili ya jarida maji huzimwa ili utando uonekane.

Viazi navyo vina hatia yake. Kiazi ni kitu kizima, hakina ndani. Mchoro uliyapa mabonge yale uso wenye madoadoa na kuyanyima matundu, kana kwamba kazi ya protini ni kukaa tu pale. Kumbe kazi kubwa ya utando iko ndani ya bonge. Mwaka 1975 Richard Henderson na Nigel Unwin walitoa picha ya kwanza ya umbo la protini ya utando kwa pande zake tatu, ya vijidudu vya zambarau vinavyoishi kwenye chumvi nyingi, na ndani ya bonge wakaona nguzo saba zimesimama zikivuka mafuta. Tangu hapo kiazi kilianza kupasuliwa.

Aliyefika ndani kabisa, kwa maoni yangu, ni Roderick MacKinnon mwaka 1998, na mfereji wa potasiamu. Fumbo lilikuwa hili: mfereji unapitisha potasiamu kwa kasi inayokaribia ioni milioni mia kwa nukta, na unaikataa sodiamu, ambayo ni ndogo kuliko potasiamu. Mlango gani unaopitisha mnene na kumzuia mwembamba? Umbo lilipoonekana, jibu likatoka kwa maji. Ioni ikiwa majini haitembei peke yake; imezungukwa na molekuli za maji zilizoielekezea atomi zao za oksijeni, na kuyavua maji hayo ni gharama. Kuta za mfereji, kwenye sehemu yake finyu, zimepanga oksijeni za protini mahali hasahasa ambapo oksijeni za maji zingekuwa zimeizunguka potasiamu. Potasiamu inavua maji na kuvaa mfereji bila hasara. Sodiamu, kwa udogo wake, haiwezi kuzigusa oksijeni hizo kwa ukaribu inaotaka, kwa hiyo inaona afadhali ibaki na maji yake. Protini inafanya kazi kwa kuyaigiza maji. MacKinnon aligawana Nobeli ya Kemia ya 2003 na Peter Agre, aliyeitambua protini inayopitisha maji yenyewe: mwaka 1992 kundi lake liliyapa mayai ya chura maagizo ya kuitengeneza, likayatia kwenye maji yasiyo na chumvi ya kutosha, na mayai yakavimba hadi kupasuka, wakati mayai ya kawaida yalikaa tu.

Namalizia na kitu ambacho hakuna mchoro wa bapa tulivu ungeweza kukionyesha, nacho kimepimwa pwani yetu. Kundi la damu liitwalo Dantu, linalopatikana zaidi Afrika Mashariki, linatokana na mabadiliko ya jeni za glaikoforini, protini za chembe nyekundu ambazo moja yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuthibitishwa kwamba zinavuka utando mzima. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba mabadiliko hayo yanapunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia 40 hivi. Anayefikiri kwa viazi angejibu haraka: kimelea kimekosa kiazi cha kushika. Watafiti wa Kilifi na wenzao wa Cambridge walichukua damu ya watoto wa Kilifi, wakavirekodi vimelea kwa video vikijaribu kuingia, wakapima pia jinsi utando wa kila chembe unavyotikisika. Matokeo, yaliyotoka katika Nature mwaka 2020, ni kwamba utando wa chembe za Dantu umekazwa zaidi. Kimelea kinafika, kinagusa, kinajaribu kuukunja utando ili kijifungie ndani, kinashindwa. Na ukazo unapopita kiwango fulani, chembe ya mtoto asiye na Dantu nayo haiingiliki.